Pajero ya zamani inayogoma kuingia foo-wili: kagua vakyumu kabla ya kununua transifa

Swali la msomaji wa Lushoto: "Fundi, shikamoo. Nina Pajero ya 1996, injini 4D56 ya lita 2.5, gia za mkono, mfumo wa Super Select. Tangu masika yaanze, nikisogeza gia ndogo kutoka 2H kwenda 4H, taa za magurudumu ya mbele kwenye dashibodi zinapepesa tu, hazitulii. Nikiingia kwenye utelezi naona magurudumu ya nyuma ndiyo yanayozunguka, ya mbele yametulia. Fundi wa huku amesema transifa imekufa na ameshanitafutia ya mtumba. Bei yake inaniumiza. Kuna namna ya kuhakikisha kabla sijatoa pesa?"

Marahaba, ndugu yangu. Namna ipo, na inahitaji jeki, tochi na kipande cha chaki. Usitoe pesa ya transifa (sanduku la gia linalogawa nguvu kwenda mbele na nyuma) bado. Kwa dalili ulizoandika, mimi namshuku kwanza mgonjwa mwingine kabisa: kifaa kidogo kilichoko kwenye ekseli ya mbele, kinachoendeshwa kwa vakyumu, yaani mvuto wa hewa, pamoja na mipira inayokipelekea vakyumu hiyo. Ni kosa la kawaida mno kwenye Pajero za umri huu, na inanisikitisha kila ninapoona mtu ameshusha transifa nzima, amefunga nyingine, halafu taa zinaendelea kupepesa vilevile kwa sababu mpira uliopasuka haukuguswa.

Nikueleze kwanza gari lako linavyofanya kazi, maana ukishaelewa hapo hakuna atakayekuuzia kitu usichokihitaji.

Super Select ilikuja na Pajero ya kizazi cha pili mwaka 1991. Gia ndogo, yaani mkono wa transifa, ina nafasi nne. 2H inaendesha nyuma peke yake. 4H inaendesha mbele na nyuma kupitia difu ya kati (gia zinazogawa nguvu pande mbili na kuziacha zizunguke kwa mwendo tofauti), ndiyo maana unaruhusiwa kuitumia hata kwenye lami. 4HLc inafunga hiyo difu ya kati, na 4LLc ni ileile iliyofungwa ila kwa mwendo mzito. Katika kizazi chako, ukisogeza gia ndogo unasukuma uma za ndani ya transifa, vyuma vinavyosogeza gia, kwa nguvu ya mkono wako. Hakuna mota ya umeme inayofanya kazi hiyo, kama ilivyo kwenye nyingi za kizazi cha tatu.

Lakini transifa ni nusu tu ya habari. Mbele, shafti ya kushoto imeungana na difu wakati wote, wakati ya kulia imekatwa katikati na kuwekewa klachi ya meno. Ukiwa 2H klachi hiyo imeachia, kwa hiyo magurudumu ya mbele yanazunguka na barabara bila kuizungusha propela ya mbele, ile shafti ndefu inayotoka kwenye transifa. Ukitia 4H, transifa inaanza kuizungusha propela, halafu vakyumu inavuta diaframu (kiwambo cha raba) iliyo kwenye ekseli, diaframu inasogeza uma, na meno ya shafti ya kulia yanakutana. Yakishakutana, swichi iliyo palepale kwenye ekseli inatoa taarifa, na taa za magurudumu ya mbele zinaacha kupepesa.

Sasa fikiria yasipokutana. Difu haina cha kusukuma upande wa kulia, na kwa tabia ya difu, nguvu yote inakimbilia kwenye shafti hiyo inayozunguka bure. Gurudumu la kushoto nalo halipati kitu. Ndiyo maana gari linakuwa kama halina foo-wili hata kidogo, ingawa transifa imefanya wajibu wake wote.

Kwa hiyo taa zinazopepesa hazikuambii kwamba transifa imekufa. Zinakuambia kwamba swichi ya ekseli ya mbele haijathibitisha.

Kabla ya jeki, jambo moja kuhusu ulichokiona kwenye utelezi. Hujasema ulikuwa 4H au 4HLc, na tofauti yake ni kubwa. Kwenye 4H difu ya kati iko wazi, ina kifaa cha mafuta mazito kinachobana pale upande mmoja unapozunguka kupita mwingine, na kikichakaa kinachelewa kubana. Unaweza kuona nyuma kunazunguka kwa muda hata gari likiwa zima. Usihukumu ekseli ya mbele ukiwa 4H. Hukumu ukiwa 4HLc.

Jaribio lenyewe ni hili. Tafuta mahali tambarare, pagumu. Injini ikiwa inawaka, tia 4HLc, uende mbele taratibu mita chache kwa mstari ulionyooka, kisha urudi nyuma kidogo, ili meno yapate nafasi ya kukutana. Simama. Vuta breki ya mkono, gia kubwa iwe huru, uzuie matairi ya nyuma kwa mawe makubwa, mbele na nyuma ya kila tairi. Injini iache inawaka, maana ukiizima vakyumu inakatika na jaribio linakosa maana. Inua gurudumu la mbele la kulia peke yake, uweke stendi imara chini ya chesisi. Propela ya mbele uwe umeshaichora mstari wa chaki kabla hujawasha gari. Mtu yeyote asiingie chini injini ikiwa inawaka. Chaki utaichungulia kwa tochi ukiwa ubavuni.

Shika hilo gurudumu ulizungushe kwa mikono.

Likicheza kidogo kisha likagoma kabisa, furahi. Transifa imefunga, klachi ya ekseli imefunga, foo-wili yako ipo, na kosa liko kwenye swichi ya ekseli au waya zake tu. Likizunguka kwa ulaini huku mstari wa chaki umetulia, transifa imeishikilia propela kama inavyopaswa, ila klachi ya ekseli haijaingia. Hapo ndipo ninapotarajia utafika. Na likizunguka huku propela nayo inazunguka, basi ekseli ni nzima na kosa limerudi kwenye transifa au kwenye fito za gia ndogo. Fundi wako atakuwa na hoja, nami nitalirudia hilo mwishoni.

Tuchukue kwamba chaki imetulia. Shusha gari, fungua boneti, na uitafute vakyumu kutoka inakotengenezwa.

Kwenye 4D56 pampu ya vakyumu imefungwa nyuma ya alteneta. Pampu hiyohiyo ndiyo inayosaidia breki zako. Kama siku hizi pedali ya breki imekuwa ngumu, hilo si jambo la pembeni: pampu imechoka, haipati oili ya kutosha, au kuna mahali inavuja, na hapo breki zishughulikiwe kwanza kabla hata ya foo-wili. Uliza pia kama alteneta imewahi kubadilishwa. Alteneta ya mtumba inaweza kuwasha taa na kuchaji betri vizuri kabisa huku pampu yake ya nyuma imekwisha. (Mwenye Pajero ya petroli ya V6 asitafute pampu hii, kwake vakyumu inatoka kwenye bomba la kuingizia hewa la injini.)

Fuata mpira mwembamba unaotoka kwenye njia hiyo ya vakyumu mpaka ufike kwenye solenoidi mbili (vali ndogo za umeme) zilizokaa pamoja, kila moja ikiwa na soketi ya umeme. Kabla hujachomoa mpira wowote, funga vipande vya utepe wa rangi na upige picha kwa simu. Ukipishanisha mipira ya solenoidi hizi gari litafanya kinyume, na utahangaika na kosa ulilolitengeneza mwenyewe. Sasa, injini ikiwa inawaka, chomoa ule mpira unaoleta vakyumu na uzibe mdomo wake kwa kidole. Unatakiwa kuhisi mvuto wa nguvu unaong'ang'ania kidole. Ukiwa hafifu au haupo, rudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea kwenye pampu. Njiani kuna vali ya njia moja, ambayo ikiziba au ikikaa wazi inaharibu kila kitu kinachofuata.

Mvuto ukiwepo, chomeka mpira mahali pake uende kwenye mipira miwili inayoshuka kutoka solenoidi hadi ekseli. Hii ndiyo ninayoitilia shaka kuliko vyote. Ina umri wa gari, imepita karibu na joto la injini, imerushiwa matope na oili miaka yote hiyo. Mara nyingi katikati inaonekana nzima, ila ncha zake, pale raba inapovaa bomba la chuma, zimekakamaa na kupasuka kwa urefu. Pinda kila ncha kwa vidole. Ufa uliojificha utafunguka. Mabomba ya chuma yenyewe nayo hutobolewa na kutu pale yanapobanwa na klipu.

Kwa kupima uvujaji, nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 60, lisilo na sindano. Lichomeke kwenye mpira upande wa juu, vuta kipini, kisha ukiachie. Kikirudi chenyewe kwa nguvu, mpira na diaframu vinashika. Kikibaki pale ulipokivutia, hewa inaingia mahali fulani. Shuka chini, injini ikiwa imezimwa, urudie kwenye mdomo wa diaframu yenyewe bila mpira. Ikishika, mpira ndio mkosaji. Isiposhika, diaframu imetoboka. Pima midomo yote miwili, kwa sababu diaframu hii ina vyumba viwili, kimoja cha kuingiza na kimoja cha kutoa.

Mpira mpya nunua ule mahususi wa vakyumu, wa raba nzito au silikoni. Nenda dukani na kipande cha zamani ukalinganishe tundu. Nakuomba usikubali mpira laini wa maji ya wipa. Siku ya kwanza utafanya kazi, halafu injini ikipata moto unalainika, mvuto unaubana mpaka unakuwa bapa, na taa zinaanza kupepesa tena ukiwa katikati ya kilima cha Mtae.

Mipira ikiwa mizima, geukia solenoidi. Washa swichi ya gari bila kuwasha injini, mwambie mtu asogeze gia ndogo kutoka 2H kwenda 4H, wewe weka kidole juu ya solenoidi. Unatakiwa kusikia au kuhisi mgoto mdogo. Usipousikia, pima kama umeme unafika kwenye soketi, kagua fyuzi, safisha miguu ya soketi na waya wa ethi. Pima pia ukinzani wa koili kwa mita: hizi ni ndugu wawili, namba zao zinapaswa kukaribiana. Moja ikikosa kabisa kusoma, koili imekatika.

Lakini solenoidi inaweza kugota vizuri na bado ikakuangusha, na hili wengi hawalijui. Ili diaframu isogee, chumba kimoja kinavutwa na cha pili lazima kipokee hewa. Hewa hiyo inaingia kupitia kichujio kidogo kwenye solenoidi. Kwa vumbi la barabara zetu, kichujio hicho hujaa udongo mpaka kinakuwa kama kizibo. Vakyumu ipo, umeme upo, mipira imeshika, na diaframu haiendi kokote kwa sababu chumba cha pili kimefungiwa. Kitoe kwa uangalifu, kisafishe, au weka kipande kidogo cha sponji safi mahali pake. Ni kazi isiyokugharimu kitu.

Ukitaka kujua kama klachi ya ekseli yenyewe inaweza kuingia, ruka solenoidi na mipira yake yote. Chomoa mipira yote miwili kwenye diaframu. Chukua mpira mpya mrefu, upeleke vakyumu moja kwa moja kutoka njia ya pampu hadi mdomo mmoja wa diaframu, ule wa pili uache wazi. Rudia jaribio la jeki. Klachi isipoingia, zima injini, hamisha mpira kwenye mdomo wa pili, ujaribu tena. Mmoja kati ya hiyo miwili lazima uingize. Ikiwa hakuna unaoingiza na diaframu inashika vizuri, uma umeganda kwa kutu ndani ya nyumba yake, na hapo ndipo ekseli inahitaji kufunguliwa. Angalia na oili ya difu ukiwa hapo: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, ibadilishe kwa oili ya gia ya daraja la GL-5.

Jaribio hili ni njia ya kujiokoa pia. Ikiwa spea haijafika na masika hayakusubiri, unaweza kuuacha mpira huo wa moja kwa moja ukishikilia klachi ya ekseli imefungwa muda wote, ukikumbuka kuziba ile nafasi ya mpira uliochomolewa juu ili breki zisipoteze vakyumu. Ule mdomo wa pili wa diaframu usiuzibe. Ufunike kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Ukiwa 2H propela ya mbele itazunguka na gari, utachoma mafuta kidogo zaidi na vyuma vya mbele vitachakaa zaidi, lakini hakuna kinachovunjika, kwa kuwa transifa bado inatenganisha mbele na nyuma. Fanya hivyo kwa muda, siyo kwa miaka.

Swichi ya ekseli nimeipitia haraka kwa sababu haihitaji maneno mengi: gurudumu likigoma kuzunguka kwenye jaribio na taa bado zinapepesa, chomoa soketi ya swichi hiyo, isafishe matope na kutu, uipime kwa mita kama inafunga klachi inapoingia. Ukiamua kufungua swichi zilizoko kwenye transifa, weka kitambaa cheupe chini, kwa maana nyuma yake kunaweza kuwa na gololi ndogo ya chuma. Ikipotea kwenye majani, swichi mpya haitakusaidia.

Kagua matairi vilevile. Kama mawili ya mbele ni mapya na ya nyuma yameisha, au vipimo vinatofautiana, mbele na nyuma zinakwenda kwa mwendo usiolingana na vyuma vinajikaza. Gia ndogo itakuwa ngumu kutoa na taa ya difu ya kati itapepesa. Kujikaza huko kunatokea hata kwa gari zima ukiendesha 4HLc kwenye lami kavu. Rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, vyuma vitaachia.

Na kwa kuwa najua jirani yako mwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 70 atakuja kuchungulia: yake nyingi hazina diaframu hii. Zina habu za kufunga kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele. Jaribio la jeki ni lilelile, ila yeye aanze kwa kushuka na kuhakikisha habu zote mbili zimegeuzwa mpaka mwisho kwenye LOCK. Moja ikibaki kwenye FREE, atapata dalili zilezile za kwako, kwa sababu ileile ya difu.

Sasa turudi kwa fundi wako, iwapo propela ilizunguka. Bado asishushe transifa. Kwanza akague mkono wa gia ndogo na bushi zake. Bushi zikiisha, mkono unafika kwenye maandishi ya 4HLc huku uma wa ndani haujafika. Afungue kizuizi cha mkono kutoka ndani ya gari, ausukume uma kwa nguvu ya kutosha, arudie jaribio. Transifa iliyokufa kweli hujitambulisha kwa njia nyingine: gia ndogo inajirudisha yenyewe ukiipa mzigo, kuna mlio wa kugonga na kuruka ukipanda mlima kwa 4LLc, ambao ni mnyororo wa ndani uliorefuka, au oili ikimwagwa inatoka na vipande vya chuma. Dalili hizo zikiwepo, nunua, lakini hakikisha imetoka kwenye gari la injini na gia kama zako. Kabla ya kulipa, izungushe kwa mkono katika nafasi zote nne ukiwa palepale dukani, na uhakikishe swichi zake zote zimo.